Korosho Zimeuzwa, Simu Itupwe?

Ndugu zangu wa Kilwa, Mchinga na Lindi mjini, minada ya korosho ikifunguliwa mwezi wa Oktoba na malipo yakaanza kuingia benki, maduka ya simu nayo hujaa watu. Si dhambi mtu kutumia jasho lake. Lakini tutazame kinachonunuliwa na sababu ya kukinunua. Simu iliyolalamikiwa tangu Mei kwamba haikai na chaji hutupwa mvunguni Novemba, na wala haijafa. Kilichobadilika ni kwamba pesa ipo. Na ile inayokufa kweli mwezi wa Machi, masika yamepamba moto na mfuko mtupu, humtupa mwenyewe kwenye simu ya mkopo, ya rejesho la kila siku, ambayo ukikosa kulipa hujifunga mkononi mwako. Katika hali zote mbili anayeamua ni msimu. Mimi nasema ubovu wa simu ndio uamue.

Na tuanze kwa kuhakikisha kuwa simu ndiyo mbovu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota nchi nzima kwa sababu mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu huko kusini mwa Afrika. Aliyekimbilia kwa fundi siku ile na kuambiwa simu iflashiwe alilipia ugonjwa wa bahari. Vivyo hivyo simu inayoganda kila mara: mara nyingi imejaa tu, imebeba video za kundi la harusi iliyokwisha zamani. Na simu isiyoingiza chaji, kabla hujailaani, jaribu waya mwingine na kichwa kingine cha chaja, kisha mulika tundu la chaji uone mchanga na nyuzi za mfukoni zilivyoshindiliana humo. Sisi tunaishi ufukweni. Mchanga hauombi ruhusa.

Betri ni jambo jingine, na hapa watu wengi hukosea kwa kudhani betri ikichoka simu imezeeka. Betri huliwa na kazi yake. Huko Ulaya, tangu Juni 2025, sheria inamtaka mtengenezaji wa simu mpya ahakikishe kuwa betri ikishachajiwa mara 800 ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya simu ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Maana yake hata wao wakubwa wanakiri kuwa betri ni ya kubadilishwa. Kwa hiyo simu nzima yenye betri iliyochoka ibadilishwe betri, basi. Isipokuwa ikivimba na kuinua mgongo wa simu, hapo usiichaji tena, usiibonyeze, wala usimpe mtoto aichezee; inaweza kuwaka moto. Fundi aitoe siku hiyohiyo.

Kioo ndicho kinachotaka hesabu, na hesabu yetu si ya Kariakoo. Kule mtu hutembea Mtaa wa Aggrey akapata kioo cha simu yake kabla ya adhuhuri. Fundi wa Kilwa Masoko mara nyingi hukiagiza, kikaja kwa basi hadi Nangurukuru, na anayetoka Songosongo ana nauli ya chombo, kwenda na kurudi, pengine mara mbili kwa kuwa kioo cha kwanza hakikukubali. Jumlisha yote hayo: kipuri, mkono wa fundi, nauli, na siku za kazi ulizopoteza. Yakizidi nusu ya bei ya simu nyingine ya aina ileile, acha. Yasipozidi, tengeneza, hata kama jirani yako kanunua mpya.

Najua la jirani ndilo linalouma. Basi tuvuke mpaka Kilwa Kisiwani. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100. Halikukamilika sawasawa, na likaachwa. Msikiti Mkuu nao paa lake liliporomoka, ukakaa gofu miaka mingi, lakini karne ya 15 ukasimamishwa upya kwa nguzo za mawe na kuba. Nadhani sababu si ngumu: msikiti ulihitajika mara tano kwa siku, jumba lilihitajika kwa fahari. Simu inayopokea ujumbe wa malipo ya chama cha ushirika, AMCOS, inayouliza bei ya ufuta na kupeleka pesa kwa mwanafunzi aliye bweni Nachingwea, hiyo ni msikiti wako. Itengenezwe. Simu ya kupigia picha tu, ikivunjika kamera, iache ivunjike.

Maji ya chumvi sasa. Hapa sitamung'unya maneno. Mama yangu unayefuata pweza mwambani wakati wa bamvua, kijana wangu wa mashua ya Somanga, simu ikizama baharini usiiwashe kuona kama imepona. Izime, toa laini na memori kadi, usiichomeke kwenye chaji, na usiifukie kwenye mchele. Mchele haunyonyi chumvi, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Maji yatakauka, lakini chumvi itabaki juu ya bodi, ikipitisha umeme mahali pasipotakiwa na kula shaba mpaka iote kutu ya kijani. Ndiyo maana simu ya namna hii hudanganya: leo inawaka, unamshukuru Mungu, baada ya wiki inazima moja kwa moja. Mpelekee fundi siku hiyo aifungue na kuiosha kwa spiriti. Ikiwaka, hamisha picha na namba zako usiku huohuo, uanze kutafuta nyingine kwa utulivu. Fundi akikuambia atabadilisha kipande kimoja cha bodi, na mwezi ujao kingine, mwambie, "Asante sana fundi, hapa panatosha."

Kuhama nako kuna busara yake. Simu ambayo kampuni imeacha kuipelekea masasisho ya usalama haifai kubeba benki yako, hata kama kioo chake kinang'aa; na WhatsApp imekwisha kuziacha Android zilizo chini ya toleo la 5. Hapo betri mpya ni hasara. Lakini uhamie wapi? Tecno, Infinix na itel ni za kampuni moja ya China, Transsion, na mafundi wetu wamezizoea. Iphone iliyotumika ya Dubai ina sifa zake, ila kabla ya kulipa muulize fundi wa mjini kwako, si muuzaji: "Kioo chake unacho? Betri yake unaipata?" Akikuna kichwa, umeshajibiwa. Mvuvi namshauri zaidi: kitochi kiende baharini, simu janja ibaki nyumbani. Mwezi uleule wa Mei 2024 kimbunga Hidaya na mafuriko yake vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Kipuri kisingefika kwa siku kadhaa, ila kitochi chenye chaji kingepiga.

Ukinunua, mpya au iliyotumika, bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho, uilinganishe na ya kwenye boksi, kisha uitume kwenda 15090. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia Juni 2016, na waliolia siku ile walikuwa wamekwisha kulipa. Ukipeleka kutengeneza, laini itoke kwanza. Fundi hahitaji namba ya siri ya M-Pesa ili kubadilisha mdomo wa chaji, hata awe mtoto wa shangazi yako.

Na hiyo laini, ni ya nani? Simu hununuliwa dukani, lakini namba unayopokelea pesa imefungwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Wapo wazee wanaotumia laini iliyosajiliwa na mjukuu aliyehamia Dar es Salaam, au na mtu aliyekwisha kufariki. Simu yao ikizama au ikiibwa, hakuna wakala atakayewarudishia namba ile bila mwenye vidole. Nenda ukalisawazishe jambo hilo wiki hii, wakati simu bado inawaka na mnada haujaanza.