MFUPA UNAOKUFA SI UVIVU



Sisi wa reli twajua jambo moja: njia ikikatika, stesheni ya mbele hukosa chakula, hata kama paa lake bado ni zuri. Ndivyo ilivyo nyonga. Mtu akianguka kutoka juu ya lori akavunjika shingo ya paja, mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa yaweza kukatika. Mfupa hufa njaa polepole, kisha hubonyea.

Sasa sikilizeni. Mpakiaji wa mizigo huko Garissa anachechemea. Anapigwa eksirei, picha haionyeshi kitu. Mkubwa wake asema: "Mvivu huyu, arudi kazini!" Tunajibu: eksirei ya mwanzo yaweza kuwa safi na huku mfupa umekwisha kuanza kufa. Mashine ya MRI ndiyo huona mapema.

Kwa nini tunashikilia mapema? Mapema mgonjwa hupewa magongo, asiutwike mguu uzito. Mapema daktari wa mifupa aweza kuutoboa mfupa, shinikizo la ndani lipungue na damu ipate njia; pengine hupandikiza kipande cha mfupa mzima. Si wote waponao, lakini wako wanaookoka. Kichwa kikishabonyea, mara nyingi hubaki kuwekewa nyonga ya bandia, na gharama yake si ya mshahara wa kibarua. Akitumwa Nairobi, ni kilometa 370 hivi juu ya basi, maana reli haifiki Garissa.

Na ninyi wenzetu, acheni vidonge na sindano za steroidi zinazouzwa ovyo kutuliza maumivu. Zikitumiwa sana, zenyewe huua mfupa. Pombe nyingi pia.

Wako wasemao tunaomba sadaka. La! Sheria ya Kenya ya 2007 juu ya mafao ya walioumia kazini yamtaka mwajiri aripoti ajali ndani ya siku 7, tena alipe matibabu, magongo na nauli. Basi alipe! Asingoje mtu awe kiwete ndipo aamini.

Kila ajali iandikwe siku ile ile, na mashahidi wawepo. Mwenye maumivu ya kinena yasiyoisha asirudishwe kubeba magunia mpaka daktari wa mifupa amwone.

Leo ni nyonga yake, kesho ni yako. Umoja ni nguvu!