Butiama Si ya Wanasiasa Peke Yao

Ukiwauliza vijana wa Musoma na Bunda wanaoandika mashairi au kuchora kwa nini hawaendi Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, wengi watakwambia hapo ni pa wanasiasa, watalii na wanafunzi wa ziara. Wao wakitaka fikra mpya huenda ziwani, wakakaa juu ya mawe kuzisubiri.

Sina ugomvi na ziwa. Ila ziwa halikutungwa na mtu. Halikuonyeshi mahali mtunzi alipokwama, alipofuta, alipoanza upya, na hayo ndiyo anayoyahitaji anayejifunza kazi. Katika makumbusho yale, yaliyofunguliwa mwaka 1999, pamoja na zawadi na picha mna sehemu ya Jamhuri ya Plato ambayo Mwalimu aliitafsiri kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake mwenyewe. Simama hapo, usipite haraka. Huyu ndiye aliyetoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, huku akiongoza nchi changa, kisha hakuridhika nayo. Akaipitia tena, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Uzeeni, urais akiwa ameuacha, akazigeuza Injili kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Na Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alikulia katika Kizanaki. Mshairi wa Bunda ambaye nyumbani kwao wanasema Kiikizu au Kijita ana haki ya kuuona mwandiko ule kama wa mwalimu wake hasa.

Wapo watakaosema hiyo ni historia, si sanaa. Mwaka 1907 Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro, Paris. Halikuwa jumba la sanaa. Lilihifadhi vitu vya mila za watu wa mbali, vinyago vya Afrika vikiwamo. Vinyago hivyo vilibadili uchoraji wake. Waliovipanga waliona mila za kigeni. Yeye alitazama jinsi vilivyochongwa.

Kutoka Musoma hadi Butiama hakufiki kilomita 50. Walimu wanaopeleka wanafunzi huko wawaache basi wakae mbele ya kitu kimoja, wakichore au wakitungie beti, badala ya kuwaharakisha huku wakinakili tarehe za mtihani.