Akiba Hii Inaoza



Juma hili nataka kubishana na watu wapole. Hawalewi, hawachezi kamari, hawagombani na majirani. Wengi wao ni wanaume wa Uingereza na Marekani waliokwisha kuvuka miaka hamsini, na burudani yao ni kupaka rangi visanamu vidogo vya askari, wapanda farasi, majoka na mashujaa wa hadithi, kisha kuvipanga mezani na kupigana vita visivyomwaga damu. Kisanamu cha kawaida kina urefu wa milimita 28 hivi, kifupi kuliko kidole gumba. Burudani yenyewe ni njema, nami sina neno nayo. Neno langu ni juu ya maboksi yaliyo chini ya kitanda, juu ya kabati na darini: mamia, hata maelfu ya visanamu vilivyonunuliwa na ambavyo brashi haijavigusa.

Wenyewe wamelipa jina lundo hilo. Wakongwe waliliita mlima wa risasi, kwa kuwa visanamu vyao vilimiminwa kwa madini ya risasi. Wa siku hizi huliita lundo la aibu. Wakilitaja, hucheka. Anayekiri kuwa ana visanamu mia tano hujibiwa na mwenye elfu mbili, na wote wawili hupigiwa makofi. Mimi nadai kwamba kicheko hicho kinafunika jambo zito, na kwamba mtu mzima mwenye lundo la namna hiyo ana wajibu wa kuliangalia usoni na kuligawa, akiwa bado na nguvu za kulibeba kwa mikono yake mwenyewe.

Msomaji wa kwetu asiyewahi kukiona kisanamu cha namna hiyo asiondoke. Mwenye sanduku la vitenge ambavyo havitashonwa kamwe, au rafu ya vitabu ambavyo havijafunguliwa tangu viliponunuliwa, atajikuta humu ndani.

Tuanze na historia, maana lundo hili halikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1893, kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wa risasi walio wazi kwa ndani. Risasi ilitumika kidogo, bei ikashuka, na watoto wengi wa Uingereza wakaweza kuwa na jeshi. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita au arobaini na saba, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kuchezea vita kwa askari wa namna hiyo, naye hakuona haya kukiri kwamba watu wazima hucheza. Lakini angalieni jambo moja: askari wale walitoka dukani wakiwa wamekwisha kupakwa rangi. Aliyenunua, alikuwa amemaliza. Angeweza kuwa na askari wengi mno, ila asingeweza kuwa na deni la kazi.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Airfix ilipoanza kuuza visanamu vidogo vya plastiki, makumi kadhaa katika kiboksi kimoja, kwa bei ambayo mtoto aliimudu, na bila rangi. Mwaka 1975 ikaanzishwa Games Workshop. Mwaka 1983 ikatoa mchezo wa Warhammer, na mwaka 1987 Warhammer 40,000. Leo makao yake yako Nottingham, na mwezi Desemba 2024 iliingia katika orodha ya makampuni mia moja makubwa kabisa ya soko la hisa la London. Huo si utajiri wa kupuuzwa, na umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya visanamu ambavyo mnunuzi huvikata mwenyewe kutoka katika fremu ya plastiki, huviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kisanamu cha namna hii kinauzwa nusu. Nusu ya pili ni saa za mnunuzi, na saa hazipatikani katika duka lolote. Anayelipa fedha hupata plastiki mara moja, akarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyekamilisha jambo, kumbe amejiandikia kibarua. Sanduku la pili ni kibarua cha pili. Na kwa kuwa kununua huchukua dakika tano na kupaka rangi huchukua jioni nyingi, mizani haiwezi kukaa sawa isipokuwa mtu aamue kuishika.

Wauzaji wanalijua hilo. Hutoa masanduku ya toleo la mara moja, ambayo asiyewahi leo hayaoni kesho, ili mtu anunue kwa hofu ya kukosa badala ya haja ya kutumia. Mwaka 2012 kampuni ya Reaper ya Texas ilichangisha fedha kwa njia ya Kickstarter ili itengeneze visanamu vya plastiki. Ikapata zaidi ya dola milioni 3.4 kutoka kwa watu zaidi ya 17,000, na aliyetoa dola 100 aliweza kupata visanamu zaidi ya mia mbili kwa mkupuo mmoja. Bei ilikuwa ya haki, na kampuni ilifanya biashara halali. Hata hivyo najiuliza: kati ya hao elfu kumi na saba, ni wangapi waliojiuliza watavipaka lini?

Wahenga walituambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tulifungue daftari. Tumchukue mtu mwenye umri wa miaka 58 na visanamu 2,000. Tuseme kila kimoja kinamchukua saa tatu, tangu kukata plastiki hadi rangi ya mwisho. Hizo ni saa 6,000. Tuseme ni mtu mwenye bidii, anayekaa mezani saa nne kila juma bila kukosa, hata akiugua, hata akiwa na wageni. Atahitaji majuma 1,500, yaani karibu miaka 29. Ataweka brashi chini akiwa na umri wa miaka 87, kwa sharti kwamba tangu leo asinunue hata kimoja. Je, yupo anayeamini hesabu hiyo?

Wako watakaonijibu, na majibu yao nayajua. Nitayachukua moja baada ya jingine.

La kwanza: akiba haiozi. Methali ni ya kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri. Kwa visanamu inahitaji kuchunguzwa. Risasi ya zamani, ikifungiwa katika droo ya mti wa mwaloni au katika boksi la karatasi ngumu mahali penye unyevu, hushambuliwa na mvuke wa asidi unaotoka katika mbao na karatasi hizo. Huota unga mweupe, nao ni sumu. Sura ya askari hulika hadi isitambulike. Watunzaji wa makumbusho wanaijua kutu hiyo na huiogopa. Rangi nazo hukauka chupani. Plastiki, nakubali, hustahimili miaka mingi. Lakini jicho la mpakaji je? Kuanzia miaka ya arobaini, lenzi ya jicho la binadamu hupungua unyumbufu, na kitu kilicho karibu huanza kuwa ukungu. Jicho la kisanamu halifiki hata milimita moja. Miwani husaidia, taa nzuri husaidia, kioo cha kukuzia husaidia, na wapo wazee wanaopaka kwa ustadi wa kustaajabisha. Lakini hakuna mkono unaongoja ukiwa vilevile kwa miaka 29. Visanamu vinaweza kudumu darini. Anayechakaa ni yule waliyewekewa.

La pili: nitavipaka nikistaafu. Huko Uingereza umri wa kupata pensheni ya serikali unapandishwa kutoka miaka 66 hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028. Kwa hiyo anayengoja kustaafu anangoja wakati ambao wenyewe unasogea. Tena, atakapostaafu atakuta kuna wajukuu, kuna mke anayetaka kuonana naye baada ya miaka arobaini ya kazi, kuna miadi ya hospitali. Yule tajiri katika Injili ya Luka, aliyepanga kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, hakulaumiwa kwa kuwa shamba lake lilizaa sana. Mpango wake ulikuwa na nafasi ya kila kitu, isipokuwa usiku uleule aliokuwa akipanga.

La tatu: fedha ni yangu, na kukusanya pia ni burudani. Hili ni jibu la heshima, nami nalijibu kwa heshima. Mkusanyaji wa kweli yupo. Anajua alicho nacho, amekiandika, amekipanga, na hukitoa akakitazama. Huyo simgusi. Ninayezungumza naye ni yule aliyenunua sanduku moja mara mbili kwa kuwa alisahau kwamba analo. Huyo hakusanyi, anaweka tu. Na hata kama fedha ni yake, mzigo hautabaki wake. Siku atakapoondoka, mjane na watoto watayakuta maboksi hayo bila orodha. Baadhi ya visanamu hupanda bei kweli, lakini wao hawatajua vipi ni vya thamani na vipi si kitu. Watauza vyote kwa bei ya kuondoa, au watavitupa, na juu ya huzuni yao watabeba wasiwasi kwamba labda wametupa kitu alichokipenda baba. Ni haki kweli kumwachia mfiwa kazi ambayo wewe mwenyewe uliikimbia?

La nne: ni mzaha tu, Padre, usituharibie. Hapa ndipo nisipokubaliana nao kabisa. Mtu haliiti jambo aibu, mwaka baada ya mwaka, kama halimchomi mahali. Tena aibu ni mwalimu mbaya wa kazi hii. Anayelionea lundo lake aibu hakai mezani akapaka, hulikwepa. Na njia rahisi ya kulikwepa ni kununua kisanamu kipya, kwa sababu kipya bado hakina lawama. Hivyo aibu yenyewe inalilisha lundo, na kicheko cha wenzake kinampa ruhusa. Marafiki wa kweli wangeacha kumpigia makofi.

Basi ifanyike nini? Nasema mambo matatu, nayo yote yanawezekana kabla mwaka haujaisha.

Kwanza, ahesabu. Afungue kila boksi, aandike katika daftari kilichomo, bila kununua lolote mpaka hesabu iishe. Kazi hiyo peke yake itamponya kwa nusu, maana lundo lisilo na idadi ndilo linalotawala.

Pili, achague. Achukue idadi anayoweza kuimaliza katika miaka mitano kwa mwendo wake halisi, ule wa mwaka uliopita, wala si ule anaojitamania. Kama mwaka jana alipaka 30, basi abakize 150. Avichague vile ambavyo moyo wake unaruka akivitazama. Atashangaa kuona jinsi mia na hamsini zinavyoweza kupendwa, pale ambapo elfu mbili zilimchosha.

Tatu, agawe vilivyobaki, akiwa hai na akiwa na akili timamu. Vile vya plastiki vinafaa sana kwa klabu za shule na maktaba za mitaa, ambako wako vijana wanaotaka kujifunza na hawawezi bei za leo. Vile vya risasi vya zamani asiwape watoto, kwa sababu ya sumu. Awape watu wazima wanaojua kuvishika na kunawa mikono baadaye. Vyenye thamani kubwa aviuze mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayejua bei yake. Na vile atakavyobaki navyo aviandikie karatasi moja: hiki ni cha nani, hiki kina thamani gani, hiki kitupwe bila majuto.

Najua kinachouma katika kugawa. Anayetoa kisanamu kisichopakwa anakiri kwamba hatakipaka, na hapo anakiri kwamba siku zake zina idadi. Ndiyo maana maboksi hubaki darini miaka ishirini: yanamwezesha mtu kuamini kuwa bado ana miaka ishirini mingine. Lakini siku hazirefushwi na maboksi. Zinachofanya ni kupita, na kijana wa miaka kumi na tatu aliyeko mtaa wa pili, mwenye macho makali na mkono usiotetemeka, anakua bila kuambiwa kwamba mlango wa tatu kutoka kwao kuna jeshi zima linalongoja rangi, na mzee anayeweza kumfundisha kushika brashi.

Mzee huyo na ashuke na boksi moja, Jumamosi hii.

Nawatakieni juma jema.

Padre wenu