Elimu ya Bamvua na Viongozi Wetu

Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara hapa Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, maelfu ya wananchi wa visiwa vyetu, na hasa akina mama, wamekuwa wakijifunza kazi hiyo ndani ya kazi yenyewe. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino. Lakini kujua wapi mchanga unashika kigingi, wapi mkondo ni mkali mno, na vipi shina lifungwe ili wimbi lisiling'oe, ni elimu iliyopatikana kwa miaka ya kuteremka pwani maji yanapokupwa.

Elimu hiyo ina thamani kubwa, na tunaamini kwamba bado haijapewa heshima inayostahili.

Mfano uko wazi. Aina ya mwani inayoitwa kotonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko ya spinosamu, ilianza kufa katika maji mafupi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na joto la bahari ni miongoni mwa sababu zake. Mkulima anayeingia majini kila bamvua hakuhitaji kusubiri ripoti ili ajue kwamba shamba lake linageuka jeupe na kukatika. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar walishirikiana na wakulima kujaribu kupanda katika maji marefu zaidi, wakitumia nyavu zilizoshonwa mithili ya mirija. Hapo ujuzi wa maabara na ujuzi wa pwani ulikaa mkeka mmoja.

Hata hivyo, njia mpya ilidai mambo mapya. Maji marefu yanataka chombo, na yanataka mtu ajuaye kuogelea; na wengi wa akina mama hawa hawakupata kufundishwa kuogelea. Kumwambia mtu asiyejua kuogelea ahamie maji marefu si kumwendeleza. Maendeleo ya mfanyakazi huanza pale kiongozi anapouliza: huyu amekosa nini ili apige hatua?

Swali hilo haliulizwi mara nyingi kama inavyopasa. Ziara ya kiongozi huweza kuwa ya saa moja, yenye hotuba na picha, kisha gari likarudi mjini. Semina nayo huweza kupangwa asubuhi ya bamvua, wakati ule ule ambao maji yamekupwa na shamba linamngoja mwenyewe. Mkulima hulazimika kuchagua baina ya elimu na chakula cha watoto wake. Akichagua chakula, huambiwa kuwa hana mwamko. Hiyo si haki. Aliyekosa elimu hapo ni yule aliyepanga siku bila ya kuuliza habari za maji.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila afisa mpya anayekabidhiwa shughuli za mwani, Unguja na Pemba, ashinde bamvua moja nzima pamoja na wakulima, akifunga na kubeba, kabla hajaandika ushauri wowote. Pili, mafunzo yote yapangwe siku za maji mafu, na mafunzo ya kuogelea na ya kuendesha chombo yahesabiwe kuwa sehemu ya kilimo. Tatu, wakulima wa siku nyingi watumiwe kuwa wakufunzi, na walipwe kama walipwavyo wakufunzi wengine. Ujuzi wao usipopokelewa na vijana sasa, utaondoka nao.

Wakulima nao wana wajibu wao. Wasifichiane mbinu, waandike kiasi wanachopanda na wanachovuna, na wasiikatae njia mpya kwa sababu tu haikuwapo jana.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tunaongeza kwamba kwa kiongozi, kutouliza ndiyo hasara, na hasara yenyewe hulipwa na mwingine. Afisa anayekosea mahesabu hupata mshahara wake mwisho wa mwezi. Mama aliyefuata ushauri mbovu hukuta kamba tupu. Tunawaomba viongozi wetu waipime kazi yao kwa kamba hizo.