Mguu uliopasuliwa usifichwe

Ndugu mfanyakazi,

Jiwe lilikuangukia mguuni. Munganga amekupasua, ameunga mifupa kwa chuma, amekufunga vizuri na kukurudisha nyumbani. Majirani wanasema: « Amekwisha kupona! » Bado. Sasa kazi ya kuuponyesha mguu iko mikononi mwako.

Mimi naona adui mkubwa wa mguu huo ni kunyamaza. Mmoja anaogopa kupasuliwa mara ya pili. Mwingine anaogopa kupoteza nafasi yake kazini. Wa tatu anaogopa kuitwa mvivu. Wakati wanaogopa, usaha unaingia mfupani. Kidonda kilichofika mfupani huchukua miezi, na pengine mguu hukatwa.

Sikiliza basi. Baada ya kupasuliwa, maumivu ni kawaida, lakini lazima yapungue siku kwa siku. Yakiongezeka, mguu ukiwa na moto, ukivimba zaidi, ukitoa usaha ao harufu mbaya, rudi hospitali siku ile ile. Ukipata homa, usiseme ni malaria tu.

Vidole vikiwa baridi ao vikifa ganzi ndani ya plasta, usingoje asubuhi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, pengine damu imeganda ndani. Kipande chake kikifika kwenye mapafu, chaweza kuua. Ukikosa pumzi kwa ghafula, upelekwe hospitali mbio.

Nawe mama wa nyumba, usitie kidonda maji ya moto wala majani. Akilala, mguu uwe juu ya mito. Dawa alizopewa azitumie kama munganga alivyoagiza, hata akijisikia vizuri. Kama ana ugonjwa wa sukari, tazama mguu wake kila siku, maana yeye pengine hasikii maumivu.

Na wewe mkubwa wa kazi, usimwite mtu kazini kabla munganga hajaandika karatasi ya kurudi. Mtu anayechechemea atakimbiaje mwamba ukianza kuanguka? Atajiumiza, na ataumiza wenzake.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mguu ni wako, ndugu, lakini wanaokula kwa mguu huo ni wengi. Uonyeshe mapema.