Theluji ya Rwenzori isiwe ya wageni peke yao

Mkazi wa Kamukuzi, mjini Mbarara, anayetaka kuwaonyesha wanawe theluji mwezi Disemba ana njia mbili. Ya kwanza ni kuomba viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, kisha atafute tiketi za ndege, makoti mazito na hoteli katika miji ya milimani ya Uswisi au Austria, ambako watu huteleza kwenye theluji. Ya pili ni kupanda basi linalopita Bushenyi na Ishaka na kushuka Kasese siku hiyohiyo, chini ya milima ya Rwenzori.

Ni kweli kwamba Rwenzori si mahali pa kuteleza. Kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, hufikiwa baada ya takriban wiki nzima ya matope na baridi, kwa msaada wa waongozaji na wapagazi. Watoto wataishia kwenye misitu ya chini na kuitazama barafu kwa mbali, mawingu yakiruhusu. Hata hivyo, ni mlima wa nyumbani, na likizo ya Krismasi huangukia msimu wenye mvua chache.

Kinachokwamisha ni milango kuliko umbali. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii, dola 100 kwa siku 90. Mfaidika mkuu ni mgeni wa kutoka mbali. Nchi hizohizo huruhusu raia wao kuvuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa, lakini Jumuiya sasa ina nchi nane. Kongo, iliyojiunga 2022, ndiyo inayoshiriki Rwenzori na Uganda. Mlima ni mmoja, ila upande huu ni hifadhi ya Rwenzori na upande wa pili ni Virunga, kila moja na geti lake.

Suala hili linaonekana vizuri zaidi Nakivale, wilayani Isingiro. Humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na tangu Somalia ijiunge 2024, nchi zao zote nne ni wanachama wa Jumuiya. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kusafiri ndani ya Uganda na kufanya kazi. Hifadhi za Uganda nazo humtoza raia wa Afrika Mashariki ada ndogo kuliko mgeni wa mbali. Je, kijana wa Bukavu aliyekulia Nakivale, akifika getini na kadi ya mkimbizi mkononi, ni ndugu au ni mgeni? Jibu lisiachiwe karani wa zamu. Liandikwe waziwazi kwenye orodha ya ada.

Wapo watakaosema mkimbizi anahitaji posho kabla ya mlima. Lakini mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa miaka ya karibuni, na hiyo ndiyo sababu ya kutafuta kazi. Utalii unahitaji wapishi, wapagazi na waongozaji, na Nakivale ina vijana wanaozungumza Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja. Wafunzwe bega kwa bega na vijana wa Kasese, ili pasiwe na anayehisi kunyang'anywa riziki.

Muda nao hausubiri. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu ya Rwenzori, Kilimanjaro na Mlima Kenya inaweza kutoweka kabisa kufikia miaka ya 2040. Mtoto anayeanza shule Kamukuzi leo huenda akawa mtu mzima mwenye uwezo wa kupanda, akakuta mwamba mtupu. Mawaziri wa utalii wa Jumuiya waanze na jambo dogo lisilohitaji mkataba mpya: ada moja kwa kila Mwana-Afrika Mashariki, awe na kitambulisho cha taifa au kadi ya mkimbizi.