Moto na Mwanga Safarini: Tuliyojifunza Delta ya Rufiji



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, likizo ya shule inakaribia, na huu ndio wakati ambao kamati nyingi za misikiti huandaa ziara za kuunga udugu. Familia hupakia mikeka, sufuria, watoto na wazee, zikaenda kukaa siku tatu au nne kwa ndugu zao wa mbali. Katika maandalizi hayo huulizwa nauli, huulizwa mchele, huulizwa nani atatoa darsa. Ni nadra kuulizwa: moto wa kupikia utasafirije, na mwanga wa usiku utatoka wapi? Wiki hii tumeona tuyazungumze haya mawili, kwa kuwa sisi wenyewe tuliyapuuza, na madhara ya kupuuza kwetu yakawaangukia watu wasiokuwa na kosa.

Tulikuwa watu 34, wanawake na watoto wakiwa wengi kuliko wanaume. Tulishuka Bungu, tukafuata njia ya Nyamisati, na pale gatini tukakodi mashua ya injini itupeleke katika kijiji kimoja cha delta. Tulichukua mitungi miwili ya gesi, mmoja wa kilo 15 na mwingine wa kilo 6, kwa nia njema kabisa. Hatukutaka kuwapa wenyeji mzigo wa kutukatia kuni, na katika delta kuni zilizo karibu ni mikoko, misitu ambayo ni hifadhi na ndiyo mazalia ya samaki na kamba wanaowalisha watu wale. Tena Serikali imejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Tukajiona tumetangulia katika kheri.

Lakini nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kujua. Mtungi mdogo tuliulaza chini ya mbao za mashua, mahali wanawake walipotandika mikeka, ukiwa bado umefungwa regulata na mpira wake. Nahodha alipoinama kutazama ngama, kabla hajawasha injini, alinusa harufu. Akatuamuru sote tushuke, akamtaka kijana mmoja aitupe sigara yake majini, akafunua mbao zote ili upepo upite, na akakataa katakata kugusa injini.

Tunakiri kwamba tulimkasirikia. Maji yalikwisha kuanza kupwa, na kila asafiriye vijito vya delta anajua kwamba ukichelewa maji, chombo hukaa juu ya tope hadi maji mengine. Tukamwambia harufu ni ndogo, tutafungua turubai njiani. Yeye akatujibu kwamba maji yakipwa hujaa tena, lakini roho ikitoka hairudi. Tuliondoka baada ya saa nzima na zaidi, na tukakwama topeni kama tulivyohofia, mpaka usiku. Watoto walilia njaa na mbu. Hata hivyo kila mmoja alikuwapo kulilia njaa hiyo, na hilo ndilo la kushukuru.

Inafaa tueleze kwa nini nahodha alikuwa na haki. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai ikapotea, bali huteremka na kutuama mahali pa chini kabisa, kama maji. Katika nyumba hutuama sakafuni. Katika chombo hutuama ngamani, chini ya miguu ya abiria, ikingoja cheche moja ya injini au kiberiti. Wengi wetu huichanganya na gesi asilia ya Songo Songo, ile ambayo tangu mwaka 2004 bomba lake huvuka Rufiji kuelekea Dar es Salaam kuzalisha umeme. Hiyo ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu. Ya mitungi huletwa na meli kutoka nje, na tabia yake ni nyingine. Hata ile harufu kali si yake kwa asili. Imetiwa makusudi ili iwe onyo. Anayeipuuza harufu hiyo amempuuza mwonyaji.

Sote tunaujua mfano alioupiga Mtume (s.a.w.) wa watu waliopanda jahazi, baadhi juu na baadhi chini, kisha wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, huangamia wote. Wakishikwa mikono, huokoka wote. Sisi tulikuwa wale wa chini, na nahodha ndiye aliyetushika mkono.

La pili ndilo linalotuumiza zaidi. Kijiji kile hakijafikiwa na nguzo za umeme. Mto ni ule ule unaoendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lakini kusimika nguzo katika tope na mikoko si kazi nyepesi, na wenyeji wanategemea jua. Msikiti wao una paneli moja na betri moja ya volti 12, zilizowekwa wakfu kwa mambo mawili: kipaza sauti cha adhana, na taa inayowaka usiku kucha juu ya mnazi ulio dikoni, ili wavuvi wanaorudi usiku wauone mlango wa kijito.

Usiku ule wa kwanza, wenyeji kwa ukarimu wao walituambia tutumie tunachohitaji. Tukachomeka simu zetu, karibu kila mmoja na yake, tukawasha taa nne za ziada uani, na baada ya isha tukafanya darsa ndefu kwa kipaza sauti. Hebu tupige hesabu ambayo tulipaswa kuipiga kabla. Betri ya saa-ampia 100 kwa volti 12 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya maji ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema; basi iliyo halali kutumika ni 600. Simu 34, kila moja ikila wati-saa 15, ni 510. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Kipaza sauti cha wati 60 kwa saa tatu ni 180. Jumla ni 790, kabla ya kuhesabu taa ya dikoni yenyewe na kile kinachopotea ndani ya inveta. Na betri ile haikuwa mpya.

Saa nane za usiku taa ya dikoni ilizimika. Sisi tulikuwa tumelala, na simu zetu zimejaa chaji.

Adhana ya alfajiri ilisomwa bila kipaza sauti. Tulipotoka msikitini tulimkuta mzee mmoja mvuvi akifunga mtumbwi wake, nguo zimemlowa, midomo ikimtetemeka. Alikuwa amekaa nje ya kijito tangu usiku wa manane, akishikilia mti wa mkoko, asithubutu kuingia gizani kwa kuchelea miti iliyozama. Alipoulizwa, alisema tu kwamba huenda wingu lilizuia jua jana. Wenyeji walikuwa wanajua kilichotokea, na hakuna hata mmoja aliyetutaja. Sitara hiyo waliyotufanyia ilitutia haya kuliko lawama yoyote.

Ndugu zetu, ruhusa ya mwenyeji haibadilishi masharti ya wakfu. Wanavyuoni wa zamani walizungumzia mafuta ya taa za msikiti yaliyowekwa wakfu, kwamba yatumike kwa lile yaliyokusudiwa na mtoaji. Leo mafuta hayo yamekuwa betri. Mgeni anayechomeka simu yake msikitini aulize kwanza: umeme huu umewekwa kwa ajili ya nini, na nani atakosa nikiuchukua?

Kwa mazingatio hayo, kamati yetu imejiwekea utaratibu, nasi tunaushauri kwa kila familia isafiriyo kwa chombo au kwa gari.

Kwanza, mtungi husafiri ukiwa umesimama, koki imefungwa, regulata imetolewa na kifuniko kimerudishwa. Ukilazwa, gesi iliyo majimaji yaweza kutokea mdomoni. Ufungwe kwa kamba juu, penye upepo na kivuli, mbali na injini na mahali pa abiria. Kamwe usiwekwe ndani ya ngama au katika buti la gari lililofungwa juani.

Pili, kila kiungo cha mpira na regulata kipimwe kwa povu la sabuni kabla ya kupika. Povu likitoa mapovu yanayokua, kuna uvujaji. Asipime mtu kwa kiberiti. Regulata na mpira wako vitoke nyumbani pamoja na mtungi, kwani midomo ya mitungi ya kampuni mbalimbali hailingani, na huko uendako huenda usipate inayokubali.

Tatu, gesi ipimwe kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu yake. Utoe katika uzito uliopo, kinachobaki ndiyo gesi. Jiko la kawaida likiwaka kwa nguvu hula kama gramu 150 hadi 200 kwa saa, hivyo kilo 6 hutosha saa 30 hadi 40. Familia moja haina haja ya mtungi mkubwa kwa ziara ya siku nne. Iongezwe akiba ya siku moja, kwa ajili ya maji kupwa.

Nne, tusipike wala tusiache jiko likiwaka, la gesi au la mkaa, katika hema au chumba kilichofungwa, na tuuzime moto kabla ya kulala, kama Mtume (s.a.w.) alivyotuamrisha.

Tano, kila ziara ibebe umeme wake: paneli, betri na taa zake. Mmoja ateuliwe kuandika matumizi. Paneli ya wati 100 katika siku ya jua zuri yaweza kurudisha wati-saa 300 na ushei, na wakati wa masika ni pungufu zaidi. Taa na simu moja ya dharura zitangulie. Simu nyingine zizimwe au zingoje mchana.

Mwezi uliofuata tulichangishana, tukanunua betri mpya, tukairudisha kule kwa mashua ya nahodha yule yule. Wenyeji walitupokea kwa dua na shukrani nyingi, wakaiita sadaka. Tulilazimika kuwasahihisha mbele ya watu, na yule mzee mvuvi akiwapo: ile haikuwa sadaka, lilikuwa deni.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa wageni wasiowadhuru wenyeji wao, na awalinde wasafiri wote wa nchi kavu na wa majini. Amin.

Wabillahi tawfiq.